Taa haikufichwa: hotuba yangu kuhusu nyumba ya Rankin pale Ripley, Ohio

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkusanyiko wa familia zetu zinazoongea Kiswahili hapa Cincinnati. Wengi ambao hawakuwepo wameniomba niiandike, basi nimeiandika kama nilivyoongea, sikuipiga pasi.

Wazee wangu shikamooni. Akina mama na akina baba habari za mchana, ndugu zangu wa Congo jambo yenu, majirani wa Burundi na Rwanda amahoro, vijana mambo. Nashukuru sana kwa nafasi. Nimeombwa niongee kidogo kuhusu ile safari ya vijana ya kwenda Ripley kwa sababu wazazi kadhaa wameuliza, na wana haki ya kuuliza, huko Ripley kuna nini hasa, mbona ni kamji tu ka kando ya mto, kwa nini tusiwapeleke watoto mahali pa mabembea na michezo ya maji wakafurahi kama wenzao?

Sasa mimi nimekwenda Ripley mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa napita tu. Unatoka hapa unashika barabara ya 52, unafuata mto Ohio kuelekea mashariki kama maili 50 hivi, mto uko kulia kwako muda wote, halafu unaingia kwenye mji ambao watu wake hawafiki 2000. Kuna nyumba za matofali za zamani zimepangana zikitazama maji, kuna makanisa, maduka mawili matatu, na ukiwa na haraka zako utapita na hutakumbuka hata jina. Mimi nilisimama kununua maji ya kunywa na mzee mmoja pale nje ya duka akaniuliza kama nimeshapanda juu. Nikamuuliza juu wapi, akanyoosha kidole, na mimi nikageuka nikatazama. Nyuma ya mji kuna kilima, kirefu kweli, zaidi ya futi 500 kutoka mtoni, na pale juu kabisa, peke yake bila jirani, kuna kanyumba ka matofali mekundu.

Ndo hako. Ndo kametufanya tukodi basi.

Naomba niwaambie kwanza ukubwa wake maana watu wakisikia nyumba ya kihistoria ya Marekani wanafikiria nguzo nyeupe na ngazi za marumaru. Hii hapana. Ni nyumba ya chini na kadari ka juu kwa ajili ya kulala, vyumba vichache vidogo, mahali pa moto pa kupikia, basi. Ilijengwa miaka ya 1820. Na humo ndani alikaa mchungaji mmoja wa kanisa la Presbiteri anaitwa John Rankin na mkewe Jean na watoto wao, na watoto walikuwa 13. Wavulana 9, wasichana 4. Nyinyi mnaokaa apatimenti ya vyumba viwili na watoto sita mnajua naongea nini, kila kona kuna mtu amelala. Na juu ya hao 13 bado usiku wa manane mlango ulikuwa unagongwa na wanaingia wageni, wamelowa, wana njaa, wengine wana watoto mgongoni, na wanatafutwa.

Hao wageni walikuwa watumwa waliotoroka kutoka ng'ambo.

Ili mnielewe inabidi niongee habari ya mto. Upande wa huku ni Ohio, upande wa pili ni Kentucky. Sheria ya mwaka 1787 ilikataza utumwa kwenye ardhi yote ya kaskazini ya mto Ohio, kwa hiyo Ohio ilipokuwa jimbo mwaka 1803 ikawa jimbo lisilo na utumwa, na Kentucky ikabaki na utumwa wake mpaka mwisho kabisa. Sasa sikilizeni hii, mimi iliniumiza kichwa nilipoijua. Mpaka wa majimbo haya mawili haupo katikati ya mto kama mtu angetegemea. Mto karibu wote ni wa Kentucky, mpaka uko huku upande wa kaskazini, kwenye ile alama ya maji yanapopungua, na Mahakama Kuu ya Marekani ililithibitisha hilo tena mwaka 1980. Maana yake mtu aliyekuwa anavuka, yuko ndani ya maji yamemfika kifuani, anaona kabisa nyumba za Ripley mbele yake, bado alikuwa kwenye ardhi ya utumwa, bado ni mali ya mtu, mpaka unyayo ukanyage tope la upande huu.

Na hata akishakanyaga, kazi haijaisha. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1793 ilimruhusu mwenye mtumwa kumfuata mtu wake mpaka Ohio na kumkamata na kumrudisha, na jimbo lenyewe la Ohio lilikuwa na sheria zake dhidi ya watu weusi, 1804 wakatunga kwamba mweusi lazima awe na karatasi ya mahakama inayoonyesha kwamba yuko huru, 1807 wakaongeza kwamba akija kukaa hapa apate watu wa kumdhamini kwa dola 500. Dola 500 ya wakati ule jamani. Humu ndani wako watu wanaojua maana ya kutembea na karatasi mfukoni kila uendako, ukiisahau nyumbani moyo unaruka, sitaki kuongeza neno hapo.

Kwa hiyo Ripley haikuwa mwisho wa safari. Ilikuwa ni mlango tu. Mwisho ulikuwa Canada, na kutoka Ripley mpaka ziwa Erie ni kuikata Ohio yote kusini mpaka kaskazini, usiku, kwa miguu, au juu ya farasi wa mtu, au chini ya majani kwenye mkokoteni, kutoka nyumba moja ya watu wa kuaminika mpaka nyingine. Wao wakaiita reli ya chini ya ardhi, ingawa hapakuwa na reli wala treni. Nyumba ya kujificha waliiita stesheni, anayekupeleka waliita kondakta.

Mzee Rankin alizaliwa 1793 kule Tennessee, jimbo la watumwa, si mtu wa kaskazini. Alipoanza kuhubiri kule kwao kwamba utumwa ni dhambi, wazee wa kanisa wakamwambia kama unataka kuendelea na maneno hayo basi utoke Tennessee. Akatoka. Akaenda Kentucky, akaanzisha pale shule ya kuwafundisha watumwa kusoma, watu wakaja na marungu wakaivunja. Basi usiku wa mwisho wa mwaka 1821, wenzake wakisubiri mwaka mpya, yeye alichukua familia akaivusha mto Ohio kwa mtumbwi, kwenye baridi ile, akashukia Ripley, na akahudumu kanisa la pale miaka 44.

Mwanzo hakukaa kilimani. Alikaa chini, mtaa wa mbele kabisa, mlango unatazama maji. Na akiwa hapo chini akapata barua kwamba ndugu yake wa tumbo moja, Thomas, aliyekuwa mfanyabiashara Virginia, amenunua watumwa. Hebu fikirieni. Wewe umefukuzwa majimbo mawili kwa ajili ya jambo hili halafu ndugu yako analifanya. Rankin akaanza kumwandikia barua moja baada ya nyingine, akawa anazichapisha kwenye gazeti la pale pale Ripley, na 1826 zikatoka kama kitabu, baadaye William Lloyd Garrison, mpinzani mkubwa wa utumwa, akazichapisha tena kwenye gazeti lake huko Boston na zikasomwa nchi nzima na watu waliokuwa wanapinga utumwa. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni Thomas. Thomas alizisoma, akabadilika, akawaachia huru watu wake, akahamia Ohio. Huwa tunaona aibu kumwambia ndugu ukweli tukisema damu ni nzito kuliko maji, na huyu aliusema ukweli mbele ya watu wote na hakumpoteza ndugu yake.

Halafu mwaka 1829 hivi Rankin akahamishia familia kilimani. Na hapa ndo pana jambo langu, kama mtalala usingizi sehemu nyingine zote za hotuba hii naomba hapa muwe macho.

Mtu anayeficha watu anatafuta wapi pa kukaa? Bondeni, msituni, mahali hapaonekani. Hata sisi, wale mliotoka kwenye vita mnajua, ukitaka kumficha mtu unampeleka kule ndani ndani kwenye migomba. Rankin akafanya kinyume chake. Alichukua nyumba juu ya kilima kilichofyekwa, nyumba inayoonekana kutoka Kentucky maili nyingi, wenye watumwa wanaiona asubuhi wakifungua dirisha, wanajua kabisa pale anakaa nani na anafanya nini. Na usiku, masimulizi ya familia na ya mji yanasema, aliweka taa. Taa dirishani, na wengine wanasema ilipandishwa juu ya mlingoti. Ili ionekane ng'ambo.

Ilibidi iwe hivyo kwa sababu yule aliyekuwa upande wa pili hakuwa na ramani. Alikatazwa kusoma, hajui jina la mji, hajui nani mwema nani atamuuza. Ukimwambia nenda kwa mchungaji fulani mtaa fulani unampoteza. Lakini ukimwambia ukifika mtoni tazama juu, kuna taa, ifuate hiyo, hilo mtu anaweza kulibeba kichwani siku kumi za kutembea usiku na akampa mwingine. Humu tuko na watu waliovuka ziwa Tanganyika usiku kwenye boti wakaja kushukia Kigoma. Mama mmoja yuko hapa, sitamtaja, alinisimulia kwamba walipokuwa katikati ya ziwa nahodha alizima kila kitu, giza totoro, watoto wamezibwa midomo, na walikaa hivyo mpaka wakaona vitaa vya ng'ambo vimeanza kuhesabika, moja, mbili, tatu, na hapo ndo alipopumua. Nilipokuwa nimesimama kwenye ule uwanja wa Rankin nikitazama chini, mto unapinda kama mkanda, vilima vya Kentucky viko pale, karibu hivi, unaona kama ukirusha jiwe litafika, niliwaza maneno ya yule mama.

Kutoka mtoni mpaka nyumbani kulikuwa na ngazi. Wanaziita ngazi mia za uhuru. Zilizopo leo zimejengwa upya, za zamani zilishaoza, lakini kilima ni kile kile, na nimezipanda nikiwa nimeshiba na nimevaa viatu vizuri na bado nilisimama katikati nikashika mti. Yule aliyekuwa anapanda alikuwa amelowa.

Masimulizi yanayojulikana kuliko yote ni ya mwaka 1838. Mwanamke mmoja alitoka Kentucky na mtoto mchanga, ilikuwa mwisho wa baridi, mto ulikuwa umeganda lakini barafu imeshaanza kuoza, ile ambayo ukiikanyaga inalia. Siku hizi huwezi kuona vile kirahisi kwa sababu mabwawa yaliyojengwa baadaye yameufanya mto uwe na kina na upana zaidi, lakini wakati ule ulikuwa unaganda mtu anatembea juu yake. Nyuma kuna mbwa. Akaingia. Barafu ikawa inakatika, anazama anajitoa, anamtupa mtoto mbele kwenye pande lililo imara halafu anamfuata, hivyo hivyo mpaka upande wa pili. Na pale ukingoni, kwa mujibu wa masimulizi ya Ripley, alikuwepo mtu aliyekuwa anavizia watoro ili awakamate apate pesa, aliyaona yote, na alipomfikia yule mama alishindwa kumshika, akamwonyesha njia ya kupanda kwa Rankin. Akapanda. Jean akamkausha, akampa nguo, akamlisha, na kabla hakujapambazuka vijana wa nyumba wakampeleka stesheni inayofuata.

Mzee Rankin alikuja kuisimulia habari hiyo kwa watu wa chuo cha dini huku Cincinnati, mwandishi Harriet Beecher Stowe akaisikia, na 1852 ikatoka kwenye kile kitabu chake kilichoitikisa Marekani, Uncle Tom's Cabin. Kwenye kitabu yule mama anaitwa Eliza. Jina lake la kweli halimo. Inasimuliwa pia kwamba baada ya miaka mitatu alirudi, alivuka kurudi kule kule Kentucky kufuata watoto wake wengine aliowaacha, na akina Rankin wakamsaidia tena. Mimi hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma, naweka kitabu chini kwanza. Kuvuka mara moja ukikimbia ni woga unakusukuma. Kurudi je?

Naomba niseme pia kuhusu Jean na watoto kwa sababu historia hupenda kumtaja baba tu. Nani aliamka kuwasha moto saa nane za usiku? Nani alipika, nani alifua zile blanketi, nani alijua leo unga umebaki kiasi gani na wamekuja watu saba? Na wale wavulana, mchana walikuwa shambani na shuleni, usiku wanatandika farasi, wanawapeleka watu mpaka Red Oak ambako kulikuwa na mchungaji mwenzake baba, James Gilliland, au mpaka Sardinia, halafu wanarudi kabla jua halijatoka ili jirani akipita asubuhi awakute wanakamua ng'ombe kama kawaida. Mtoto wa miaka 12 amebeba siri kama hiyo na hakuisema shuleni. Kulikuwa na kijana mwingine aliyesoma kwenye akademia ya pale Ripley mwaka ule wa 1838 kuingia 1839, anaitwa Ulysses Grant, baadaye akawa jenerali na rais, lakini hiyo naipita.

Sasa vijana wangu, pale mjini chini kuna nyumba nyingine na mtaiona pia, ya John Parker. Kwa kweli kama ningepewa nafasi ya kuingia nyumba moja tu, ningepata shida kuchagua. Parker alikuwa mweusi, alizaliwa mtumwa Norfolk, Virginia, 1827. Akiwa na miaka 8 akauzwa, akafungwa mnyororo na watu wazima wakatembezwa kwa miguu mpaka Alabama. Miaka 8! Wale wa Bagamoyo, wale wa Ujiji na Tabora, hamhitaji mtu awaelezee msafara wa minyororo, babu zetu waliuona. Kule Mobile akajifunza kazi ya kuyeyusha chuma, akawa fundi hodari, akafanya kazi za ziada akakusanya pesa akajinunua mwenyewe mwaka 1845 kwa dola 1,800. Akaja Ripley, akafungua karakana yake, akawa anatengeneza mashine, na alipata hataza za serikali, yaani haki za mvumbuzi, kwa uvumbuzi wake, moja ni ya mashine ya kukandamiza tumbaku, maana Ripley ilikuwa mji wa tumbaku. Mchana huyo ni mwenye kiwanda. Usiku anachukua bastola anaingia kwenye mtumbwi anavuka kwenda Kentucky.

Muione tofauti hapo. Rankin alisubiri watu waje kwenye taa. Parker alikwenda kuwachukua. Na Parker akikamatwa kule hakuna mahakama ya kumtetea, anauzwa au anauawa.

Alisimulia mwenyewe akiwa mzee, mwandishi mmoja wa habari akayaandika miaka ya 1880, yakakaa kwenye makaratasi mpaka 1996 yakatoka kitabu. Kuna mume na mke walitaka kutoroka lakini bwana wao alikuwa ameshashtuka, basi kila usiku anamchukua mtoto wao mchanga analala naye chumbani kwake, amelazwa miguuni pa kitanda, na bastola iko hapo karibu, akijua wazazi hawataondoka bila mtoto. Parker akaingia. Kwenye chumba cha mtu aliyelala, gizani, anatambaa, anasikia pumzi za bwana na mkewe, ananyoosha mkono anapapasa, anampata mtoto, anamkumbatia na kukimbia, huku nyuma bwana anaamka na risasi inalia. Walifika mtoni, wakavuka, na mtoto akafika salama na wazazi wake.

Na si Parker peke yake, kulikuwa na watu weusi wengi huru pale na kwenye makazi ya ndani ya kaunti hiyo, waliokuwa wanaficha watu kwenye vibanda vyao bila jina wala sanamu, na wao wakigundulika walikuwa wanapoteza zaidi. Mkiongozwa ndani ya nyumba ya Rankin ulizeni habari zao.

Kuna mzee aliniuliza jana kwenye simu, haya yote ni mambo ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Nikamjibu kwa neno moja, merikani. Mnaikumbuka? Bibi yangu Tanga alikuwa na shuka nene jeupe halijatiwa rangi, akilishonea foronya, na jina lake lilikuwa merikani. Ile nguo ililetwa Unguja na meli za mji wa Salem kule Massachusetts. Mwaka 1833 Marekani iliwekeana mkataba wa biashara na Seyyid Said, aliyekuwa anatawala Unguja, 1837 wakaleta balozi mdogo wao wa kwanza Unguja, wao wanachukua pembe na sandarusi, wanaleta merikani, na ikaenea bara yote mpaka ikawa kama pesa njiani. Pamba yake ilivunwa wapi? Huko Kusini, kwa mikono ya watumwa, kina Parker hao. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza hapa 1861 pamba ikakatika na merikani ikaadimika Unguja. Yaani mtu aliyefungwa mnyororo Alabama alivuna, na mtu aliyefungwa mnyororo kwenye njia ya Bagamoyo alibeba bidhaa zilizolipiwa kwa jasho hilo. Soko letu la watumwa la Mkunazini, Unguja, halikufungwa mpaka 1873. Tulikuwa kwenye kamba moja, ncha mbili. Ndo maana nikamwambia mzee, watoto wetu wakipanda zile ngazi hawaendi ugenini.

Gharama ilikuwepo. John Mahan wa Sardinia, mmoja wa makondakta, alikamatwa 1838 akapelekwa Kentucky akakaa jela kwa pingu wiki kadhaa mpaka kesi ikaisha, aliachiwa lakini afya yake haikurudi, akafa 1844. Mwaka 1841 watu walikuja usiku kuivamia nyumba ya Rankin yenyewe, wakataka kuchoma ghala, vijana wa nyumba wakatoka na bunduki wakawafukuza. 1850 ikaja sheria kali zaidi, kumsaidia mtoro ni faini ya mpaka dola 1,000 na kifungo mpaka miezi sita, na hata baada ya hapo taa haikuzimwa. Inakadiriwa zaidi ya watu 2,000 walipita kwenye mikono ya hiyo familia na majirani zao. Vita ikaja, wanawe Rankin kadhaa wakaenda kupigana, na vita ikaisha Aprili 1865 lakini Kentucky pale ng'ambo watu waliendelea kuwa watumwa kisheria mpaka Desemba ya mwaka huo, katiba ilipobadilishwa. Kwa hiyo miezi ile yote, Jean alikuwa bado anaweza kusimama mlangoni na kuuona utumwa kwa macho.

Mzee Rankin alifariki 1886 akiwa na miaka 93, amezikwa pale pale Ripley. Nyumba ilinunuliwa na jimbo la Ohio mwaka 1938, na 1997 ikatangazwa alama ya kihistoria ya taifa, na ya Parker mwaka huo huo. Kwa hiyo mnachokwenda kuona ni matofali ya kweli, si mfano.

Nina ombi moja tu kwa watakaowaongoza vijana. Msiwapeleke juu kwa basi halafu mkawashusha mlangoni. Washusheni chini, mtaa wa mbele, wakaguse maji kwanza. Wasimame mgongo ukiwa kwa Kentucky, watafute ile nyumba kwa macho yao wenyewe, halafu wapande, wakubwa washike mikono ya wadogo. Mkifika juu msianze na maelezo, waacheni wageuke watazame walikotoka. Na kuna dirisha, mtaliona, ni dogo, linatazama mtoni. Mimi nilisimama hapo nyuma ya kioo binti yangu akiwa chini uwanjani, akanipungia mkono, akasema baba nakuona, nakuona vizuri kabisa.

Basi linaondoka Jumamosi saa mbili kamili asubuhi, hapa hapa kwenye maegesho ya kanisa. Chakula tunabeba wenyewe, mama zetu wa Bukavu wamesema wataleta sambusa na wali. Vaeni viatu vya kupandia, na kama kuna mzee hawezi ngazi aniambie leo, barabara ya kupanda na gari ipo, nitampeleka mwenyewe.